Jina la Kivuko

Katekista Eliuteri alichovya brashi kwenye rangi, akasubiri. Parokia ilikuwa ikiweka vibao vya majina kila mahali, na kivuko hiki cha mto vijana walikiita Kona ya Lori, kwa kuwa lori liliwahi kuangukia hapo. Jina la zamani alikuwa amebaki nalo Bibi Veridiana peke yake. Lakini lilikuwa jina la baba mkwe wake, marehemu aliyekipanga kile kivuko jiwe kwa jiwe, na kwao mke wa mwana hatamki jina la mkwe hata akiwa kaburini.

"Mama, naandika Kona ya Lori," alisema Eliuteri. "Rangi inakauka."

"Ngoja, mwanangu. Kitendawili!"

"Mama, jamani! Haya, tega."

"Mgeni wangu huja akilia, akiondoka nyumba nzima inakula."

"Mvua."

"Umekaribia, ila siyo."

"Basi nimeshindwa. Chukua mji."

Bibi alishtuka. Akipokea mji, itabidi alitaje jibu kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mji wako siutaki," alisema. "Mvua ya lini, baba? Hebu niambie, mvua ya lini?"

Eliuteri aliyatazama maji. "Ya… masika?"

Bibi alivuta kanga kichwani, akapiga magoti kando ya njia na kuinamisha uso, kama alivyofanya enzi za ubibi harusi wake kila baba mkwe wake alipopita.

Eliuteri akageuka haraka, brashi mkononi, kuangalia ni nani anayepita.