Bibi Kalalamika

Mkaguzi aliubonyeza mguu wa bibi kwa kidole, akasubiri kuona kama ngozi itarudi. Ilirudi. Akaonekana kama mtu aliyetarajia isirudi.

"Hapa panauma, mama?"

"Panauma," alisema bibi.

"Na hapa?"

"Hapo pia. Kote kunauma. Andika."

Mlangoni alisimama mwenye kampuni iliyomtunza bibi. Kampuni yenyewe ilikuwa yeye, wahudumu watatu na simu moja iliyopasuka kioo. Walizunguka majumbani kuwaogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza vitandani na kuwasikiliza. Wahudumu walimwita Bosi, kwa utani, kwa sababu mmoja wao akiugua yeye ndiye aliyepiga deki.

Bibi alikuwa mteja wake wa kwanza. Kiharusi kilipompoozesha upande mmoja, alijitafutia huduma mwenyewe kwa simu, na alipoulizwa jamaa wa karibu akaandikisha jirani. Hakuwahi kunung'unika. Kisha wiki iliyopita Bosi akaitwa ofisi ya afya, akaambiwa kuna malalamiko: bibi analishwa uji uliopoa, anaachwa na kiu, anaogeshwa kwa pupa. Akauliza aliyelalamika ni nani. Akaambiwa ni bibi mwenyewe. Mkaguzi angekuja, na akithibitisha, kibali kingefutwa.

Asante ya punda ni mateke, Bosi alijisemea njia nzima. Lakini teke lenyewe halikumuuma sana. Alikuwa akiwafikiria wale wazee wengine ambao, kibali kikifutwa, wangeamka bila mtu wa kuwainua.

Mkaguzi alifanya kazi kama fundi anayebomoa ukuta kutafuta bomba linalovuja. Alinusa shuka. Alifungua kasha la dawa, akalinganisha vidonge na maagizo ya daktari. Akaenda jikoni bila kuonyeshwa njia, akafunua sufuria ya uji, akachovya kidole na kukitoa haraka, akakipuliza. Wakaguzi wamezoea kuingia majumba ya watu, Bosi aliwaza.

Kisha akamwagiza mhudumu amgeuze bibi mbele yake. Mhudumu huyu wenzake walimbandika jina la Pole, maana aliuomba radhi hata mto alipoukung'uta. Alimwambia bibi anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, akapitisha mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya nyonga, akamgeuza taratibu. Mgongo wa bibi haukuwa na kidonda hata kimoja. Uling'aa mafuta. Mkaguzi aliutazama mgongo ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akaufunika mwenyewe.

"Anakuogesha kwa pupa, mama?"

"Kwa pupa sana. Ananisugua kama sufuria iliyoungua."

Pole aliinamisha kichwa. Asubuhi hiyo walikuwa wamekaa bafuni hadi maji yakapoa, kwa sababu bibi hakuwa amemaliza kisa cha harusi yake. Hakulisema hilo. Alisema pole tu.

Mkaguzi akaendelea, sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Aliuliza kama analala vizuri, kama anakula akashiba, kama kuna anayemtisha. Bibi alijibu kwa raha. Kila jibu lilizaa kisa, na kila kisa kilihitaji chai. Mkaguzi akitazama saa, bibi alikumbuka lalamiko jipya. Mto una vifundo. Pazia linaingiza jua. Redio inasema uongo.

Mwishowe Bosi akashindwa kuvumilia. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwuliza bibi kwa upole wamemkosea nini. Kama kuna neno alitoe hapa hapa, alimwambia, wataomba radhi na kurekebisha, ila asiwakatie wazee wenzake riziki ya kutunzwa.

Bibi akamshika mkono kwa ule mkono wake wenye nguvu. Alikuwa akimtazama mkaguzi, ambaye sasa alikuwa akifunga mkoba.

"Nimemaliza," mkaguzi alimwambia Bosi. "Nimekagua kampuni kubwa zenye magari, sijaona mgongo uliotunzwa hivi. Kibali chenu hakina shida."

Bosi alibaki magotini.

Mkaguzi akageukia kitanda. "Mama, katika yote uliyolalamikia, hakuna hata moja lililo kweli."

"Najua," alisema bibi.

Pole akasema pole, haikujulikana kwa nani.

"Unajua?"

"Najua. Hawa wananitunza kama yai. Na mwezi ujao nitalalamika tena."

Mkaguzi aliuweka mkoba begani, akautoa, akauweka tena. "Ukilalamika tena bila sababu, mama, ofisi haitamtuma mtu."

"Itakutuma wewe," alisema bibi. "Lalamiko halijibiwi kwa simu, na mtaa huu hauna mkaguzi mwingine. Ulinieleza mwenyewe, siku ile nakupigia pasi sare yako ya kwanza, kabla hujahama nyumba hii niliyokuzalia."