Kikohozi cha Kuazima

Kabla ya kuketi, mdogo wake mrufani aliinua fimbo, akagonga dari, akatega sikio. Kisha akakiburuta kiti chake hadi dirishani, mbali na wenzake, akaketi huko na kuanza kukohoa.

Wakili Nthofeela Ramatla alimtazama bila kupepesa. Katika ukumbi huu wa misheni mjini Quthing alikwisha kuona vituko vya kila aina. Kuna aliyekohoa kwa kufuata mapigo ya kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi chumba cha pili. Kuna aliyeleta picha ya kifua inayoonyesha vifungo vya sidiria, akaapa kwamba ni kifua chake.

Kesi ya pamoja ya wachimbaji dhahabu walioharibiwa mapafu na vumbi la mgodi ilikuwa imekwisha, kampuni zimekubali kulipa, na mahakama ikamteua yeye kusimamia rufaa za waliokataliwa na mfuko wa fidia. Akisema hapana, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mamlaka hayo yalimnyima usingizi, na ndiyo maana aliwachukia waongo. Kila mwongo aliyepita alikuwa amekalia kiti cha mjane.

"Ntate Lebeko," alimwambia mrufani, akimwita baba kwa heshima. "Simama tukuone."

Lebeko alisimama. Alikuwa mzee mnene wa mashavu, blanketi lake limekaa vizuri begani, na ngazi za ukumbi alikuwa amezipanda kama mtu anayefuata kondoo. Madaktari walikuwa wameafikiana kwamba mapafu yake ni safi kabisa. Mmoja wao aliongeza, bila kuombwa, kwamba angefurahi kuwa nayo yeye.

"Ulianza kazi mgodini mwaka gani?"

"Kadi ya kazi inasema sabini na nne, Mme," alijibu, naye akimwita wakili mama.

"Shimo gani?"

"Kadi inasema namba tano."

"Ntate, sikuiita kadi. Nimekuita wewe."

"Tumekuja pamoja, Mme. Mimi na kadi."

Wazee waliokuwa kwenye mabenchi walicheka. Kule dirishani kikohozi kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, mpaka ikawa hakuna anayesikilizana na mwenzake.

"Na wewe hapo, jina lako nani?"

"Seabata, Mme. Mdogo wake."

"Ntate Seabata, kikohozi chako tumekisikia, lakini hakimo katika rufaa hii. Kasubiri nje."

Seabata alinyanyuka akiegemea fimbo. Alipumzika kidogo mlangoni, kisha akatoka. Wakili alimwinamia karani wake.

"Kifua chake kizima, kwa hiyo amekuja na kikohozi cha kuazima," alisema.

Hapo ndipo alipoingia Ntate Phakiso, mshauri wake, amechelewa kama kawaida, andazi mkononi. Alikuwa msimamizi wa wachimbaji kwa nusu ya maisha yake, na mashine za kutoboa mwamba zilikuwa zimemla masikio. Wakili alimpigia kelele kwamba ampime mtu huyu.

"Baruti imelipuka, vumbi limetulia," Phakiso alimwuliza Lebeko. "Unaingia mahali pako pa kazi. Cha kwanza unafanya nini?"

Lebeko alifikiri sana.

"Naomba Mungu."

"Cha pili?"

"Amina."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata karani aliziba mdomo. Wakili peke yake hakucheka. Alichukua kalamu akaanza kuandika, na mkono wake haukuwa na huruma hata kidogo.

"Mme, usiandike bado," Lebeko alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ukiandika hapana, mtu atakufa."

"Mtu gani? Wewe una afya kuliko jengo hili."

Lebeko alitazama mlango. Akalivuta blanketi lake kama mtu anayeogopa polisi. Akaketi.

"Huyu hajashuka hata kisimani," Phakiso alisema huku akitafuna. "Aliyefanya kazi chini hakai mahali ambapo hajapagonga. Unachukua mtaimbo, unagonga mwamba wa juu, unasikiliza. Ukisikia uwazi, jiwe hilo litaanguka, unapita pembeni. Mimi nimestaafu zamani, lakini mpaka leo nagonga dari kabla ya kulala. Mke wangu amehamia chumba cha watoto."

Kalamu ya wakili ilisimama.

Alitazama dari juu ya meza yake, ubao uliovimba kwa mvua za mwaka jana. Akatazama kiti kilichoburutwa hadi dirishani.

"Karani, mwite yule mdogo wake."

Seabata alisimama kizingitini akihema. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliinua fimbo, akagonga, akasikiliza. Akapiga hatua, akagonga tena. Juu ya meza ya wakili sauti ilirudi tupu. Akaambaa na ukuta mpaka kwenye kiti chake.

"Ntate Seabata," wakili alisema polepole. "Huko chini, walikuwa wanakuita nani?"

Mzee alimtazama kaka yake. Kaka yake aliitazama kofia iliyokuwa magotini mwake.

"Lebeko," Seabata alisema. "Umri wangu haukutosha kuandikishwa, nikaazima jina la kaka." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Halafu nyinyi mkaleta barua kwamba Lebeko aje kupigwa picha ya kifua. Sasa, Mme, mlitaka aende nani?"