Waya wa Gia

Asheri alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, ameshika ufunguo, na chini ya gari alikuwa amelala mtu ambaye Asheri alikuja Tanga kumuua.

Mtu huyo alikuwa Methusela, fundi mwenye gereji pale Mabawa. Mwaka juzi alitengeneza breki za lori moja la mkonge, akasema ziko sawa. Lori likashuka mteremko wa kivuko cha Pangani, breki hazikushika, likaipita pantoni na kuzama mtoni. Dereva alikuwa Eliudi, kaka yake Asheri. Walipomtoa, mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani.

Hakuna aliyeshtakiwa. Kule kwao Maramba, mama yao aliacha kula akashiba. Asheri alivuna mahindi ya msimu mmoja, kisha akashuka mjini kuomba kazi kwenye gereji ile. Akajitaja kwa jina la ukoo mwingine, akasema kwao ni Muheza. Methusela alimtazama kitambo, kisha akamwambia aje kesho yake aanze.

Tabu ni kwamba fundi alikuwa mtu mwema. Alimfundisha kazi ya nyaya bila kumfokea, na mkewe, Bertha, alimwekea chakula kila mchana kama mtoto wa nyumbani. Asheri alikila ameinamisha kichwa.

Jumamosi ile Methusela aliwaruhusu mafundi wengine waondoke mapema, akambakiza Asheri. Kazi iliyobaki ilikuwa gari la Kimarekani la meneja wa shamba la mkonge, gari lisilo na klachi, ambalo gia zake hujibadilisha zenyewe. Panya walikuwa wametafuna waya unaotoka kwenye gia kwenda kwenye stata, mota inayoiwasha injini. Methusela alimweleza taratibu, kama kawaida yake, kwamba waya ule ndio unaolizuia gari lisiwake gia ikiwa imeingia. Kwa sasa ameuruka kwa waya mwingine ili aipime stata, kwa hiyo gari litawaka popote gia ilipo. Na likiwaka gia ikiwa imeingia, litaruka mbele.

"Weka N, gia huru," alisema. "Nikikwambia washa, washa."

Kisha akajisukuma chini ya gari, kifua chake kikawa mbele ya gurudumu la nyuma.

Asheri alisikia bisibisi ikikwaruza chuma. Nje barabara ilikuwa tupu kwa jua. Hii ingekuwa ajali. Watu wangesema fundi alijisahau, kama walivyosema Eliudi alishuka mteremko kwa kasi.

"Washa," sauti ilitoka chini.

Asheri akaushusha mkono wa gia kutoka N hadi D, gia ya kwenda mbele. Chuma kikagonga chini ya sakafu, kikasikika gereji nzima.

Bisibisi ikanyamaza.

Alingoja bure Methusela aulize, au amkaripie, au ajiburute atoke. Jasho lilimwingia Asheri machoni. Kidole gumba kilikuwa juu ya ufunguo, na ufunguo ulihitaji kugeuzwa kidogo tu. Akamfikiria Eliudi kwenye maji yale. Lakini aliyemjia mbele ya macho alikuwa Bertha, akimfunikia sahani ili nzi wasitue, na baada yake mama yake, akimuuliza mikono hii imetoka kufanya nini.

Akarudisha gia N. Akauchomoa ufunguo, akafungua mlango na kushuka.

Hapo ndipo alipoyaona mawe ya kuzuia magurudumu. Yalikuwa yamepangwa vizuri ukutani, mbali na gari.

"Toka, bwana fundi," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Magurudumu hayana mawe."

Viatu vya Methusela, vilivyochomoza upande wa pili, havikusogea.

"Najua," alijibu kutoka chini. "Nimeyatoa mwenyewe. Rudi ukae kitini, mdogo wake Eliudi."