Debe Tupu Dirishani

Mrina asali kutoka Ugalla alilisimamisha debe tupu kwenye dirisha la ofisi ya ushirika.

"Dada Romana, debe ni hili hili moja. Kwenye asali kompyuta yako imetoa kilo moja ya uzito wa debe, kwenye nta kilo mbili. Tushike lipi?"

Romana aligeukia skrini. Programu aliiandika mwenyewe, na mtaa mzima wa Majengo ulijua. Klasi ya Asali, yaani fungu lake ndani ya programu, ilikuwa na fanksheni yake, maagizo ya kutoa uzito wa debe, klasi ya Nta nayo ya kwake. Ya asali aliirekebisha Jumatatu, ya nta akaisahau.

"Nyie kule porini mzani mnauweka kwa nani?" aliuliza.

"Kwa mtu? Hatuuweki kwa mtu. Tunautundika kambini, kila mmoja anapimia hapo."

Romana akafuta fanksheni zote mbili. Akaandika moja tu, nje ya kila klasi, mstari wake ukigusa ukingo wa kushoto wa skrini. Asali iiite, nta iiite.

Akanyoosha mkono, akalipokea debe. Lilinata vidoleni.

"Nta ya jana irudisheni mzanini," aliwaambia warina wote waliokuwa kwenye foleni. "Nilikosea mimi."