Chumba cha Nne

Kipimajoto kilisema nyuzi kumi na tatu. Fundi alikigonga kiganjani, akakitazama tena. Kumi na tatu ile ile. Akatoka koridoni: ishirini. Akarudi chumbani: kumi na tatu.

"Humu ndimo alimofia mume wangu," alisema mkamwana wa nyumba ile. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. "Mwaka wa pili sasa. Siku za mwisho homa ilimchoma, akawa anaomba hewa tu. Hewa, hewa."

Fundi alimpa pole, akaandika namba kwenye daftari. Alikuwa ametengeneza majokofu na viyoyozi kwa miaka ishirini na saba, hadi watu wakasahau jina lake wakamwita Barafu, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja: baridi haizuki. Ina mahali inapoingilia.

Nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mkamwana na mama mkwe wake. Daktari alisema kifua cha mama hakitaki baridi, na msimu wa baridi ndio kwanza umebisha hodi. Ndipo Barafu akaitwa. Alipima kila chumba, madirisha yake na jua lake, akachora mpango: mashine moja kubwa nje, nyuma ya nyumba, na vichwa vinne vya kupulizia hewa ya joto ndani, kila kimoja na rimoti yake. Sebule, chumba cha mama, chumba cha mkamwana, na hiki cha marehemu. Hakuna kupasua dari. Ni mabomba membamba ya shaba na waya, basi.

"Barafu ndiye anayeletwa kututia joto?" mama alicheka walipotambulishwa, kisha akakohoa hadi akashika ukuta. "Haya, dunia imegeuka kichwa chini."

Alasiri ile, Barafu akiwa koridoni na drili mkononi, mama alipita akijikokota, akaingia chumba cha marehemu, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda.

"Leo umekuja mapema, mwanangu," alisema.

"Ameshafika, mama?" mkamwana aliuliza kutoka jikoni, kama mtu anayeuliza habari za mgeni wa kila siku.

"Ameshafika. Hata vidole vimeniganda."

Barafu alishusha drili. Shingoni vinyweleo vilikuwa vimemsimama.

Kesho yake ikafika zamu ya chumba hicho. Mabomba yalipaswa kutokea nyuma ya kabati, kabati pana la mbao la kale, zito kama deni la ukoo. Mama alikuwa amelala. Barafu na mkamwana walilisukuma pamoja, wakahema, wakalisukuma tena, likasogea kwa kelele.

Upepo ukampiga Barafu usoni.

Ukutani palikuwa na tundu. Matofali matatu yalikuwa yametolewa, yamepangwa sakafuni, moja juu ya jingine, bila hata kuvunjika pembe. Upande wa pili ulionekana uchochoro mwembamba wa nje, usiofikiwa na jua.

Barafu alivuta pumzi. Kumbe. Alitaka hata kucheka.

"Tulirudishe kabati," mkamwana alisema kwa haraka.

"Ulijua?"

"Nilipitisha mkono hapo nyuma mwaka jana, nikagusa upepo. Ni mama huyo. Mimi nilijaribu kulisogeza kabati hili likanishinda, sijui yeye aliweza vipi. Lakini kufiwa na mtoto wa pekee kunampa mtu nguvu asizokuwa nazo." Alifuta macho kwa kiganja. "Baada ya mazishi aligoma kula, fundi. Nikajua nazika wa pili. Siku chumba kilipoanza kupoa, akasema mwanawe amerudi, akaomba chakula. Sasa nikiliziba tundu, si atafiwa mara ya pili?"

"Na kifua chake?"

"Mpe joto kule anakolala. Hapa funga mashine, lakini tundu usiliguse. Na asijue kwamba umeliona."

Barafu aliangalia mpango wake. Mashine ya chumba hiki ingepasha joto uchochoro. Hata hivyo aliinama, wakalirudisha kabati, na mabomba akayapitisha juu ya dirisha.

Siku ya tatu alivuta hewa kwenye mabomba, akafungulia gesi, akawasha. Mashine ya nje ikaanza kunguruma kwa upole. Vichwa vikafungua midomo kimoja baada ya kingine, na joto likashuka sebuleni. Mkamwana alikuwa ameenda dukani. Mama aliketi chini ya kichwa cha sebule, mikono juu, kama anayeota moto.

"Keti, mwanangu," alimwambia Barafu. "Jana nilisikia kabati likisogezwa. Umeliona tundu?"

Barafu alitupa jicho mlangoni. "Nimeliona, mama."

"Basi usimwambie mkwe wangu kwamba nalijua, tangu nilipogusa upepo wake nyuma ya kabati. Ana moyo wa dhahabu, yule. Kwao wanamwita arudi, umri wake bado unamruhusu kuanza upya, lakini habanduki. Anaamini nikimkosa mwanangu tena nitakufa. Nami kila alasiri naenda kukaa kwenye ile baridi na kifua hiki, naongea na kiti na kitanda, ili asitambue kwamba nimemgundua."

"Umemgundua kwa lipi, mama?"

Mama alicheka taratibu, vidole bado kwenye joto.

"Si ndiye aliyetoboa ukuta? Mimi kabati lile sijawahi hata kulitikisa."