Bangili ya Mwamikazi

Sagesse alipiga magoti kwenye zulia la Rosalie akiwa bado na koti mwilini, na Rosalie hakumwambia anyanyuke.

"Yaya, dada yangu mkubwa, nakuomba. Kigelegele kimoja tu."

Rosalie aliendelea kukunja sare za mwanawe Aganze, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Alitaka kumwangalia vizuri pale chini. Yeye ndiye aliyempokea msichana huyu kituo cha mabasi cha Digbeth jijini Birmingham, akitetemeka kwa baridi, akamlaza chumba cha mtoto na kumpikia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mwaka haujaisha, mumewe Hugues akatupa nguo za Rosalie nje kwenye mifuko myeusi ya taka. Jumapili iliyofuata Sagesse akaingia kanisani Perry Barr amevaa kitenge kilichotoka kwenye mfuko mmojawapo. Ya mume Rosalie angeweza kuyameza. Ya kitenge, hapana.

Sasa baba yake Hugues, mwami, yaani chifu, wa mlima wa Nyabuhire kule Kivu, alikuwa amefariki, na Hugues, msukuma vitanda vya wagonjwa pale Edgbaston, ndiye aliyekuwa mwami mpya. Mke wa mwami huitwa mwamikazi. Lakini jina hilo halitolewi na mume. Hutolewa na akina mama kwa vigelegele, na anayeanza ni mke mkubwa, hata kama ameachwa. Akinyamaza yeye, wote wananyamaza, na bangili ya shaba inarudi mlimani ilikotoka.

Akina mama wa Kivu waliokuwa Birmingham walikuwa wamekwisha kukata shauri. Mwaka ule wa 2005 Waingereza nao walikuwa wakibishana kwenye televisheni kama mke wa pili wa mrithi wao aje kuitwa malkia au atafutiwe jina jingine. Basi kila kikao cha akina mama kilianza na ya Waingereza kikaishia kwa Sagesse. Mume kachukua, haya. Jina hachukui. Mwamikazi wao alikuwa Rosalie, ingawa mwenyewe hakupenda hata kuitwa hivyo. Tangu siku za ndoa yake, ukimtania "jambo, mwamikazi", alikukata palepale: "Niite mama Aganze." Watu walimpenda kwa unyenyekevu ule.

"Wananiita yule wa saluni, kwa vile nasuka nywele," Sagesse alisema. "Hata mama yake Hugues nilimwalika aje kwa sherehe. Amekataa. Ni majivuno tu."

"Hata harusini kwangu hakuja," Rosalie akasema, "na ilikuwa Bukavu, pale chini tu ya mlima. Usimchukie. Amechoka, maskini. Anangoja wa kumpokea."

"Basi nisaidie nimpokee. Mimi mtoto wa Kinshasa, yaya, sikufundwa. Tulitia saini ofisini, tukaenda kula kuku, basi."

Rosalie yeye alifundwa. Alifungiwa ndani na shangazi za Hugues hadi siku ya harusi, na aliyofundishwa mle haambiwi asiyefundwa. Hata Hugues, aliyekulia bwenini kwa mapadre, hakuyajua.

"Kwanza omba msamaha wa kitenge," Rosalie alisema.

Sagesse akaomba. Aliomba akilia, kamasi zikimtoka, na Rosalie akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu afukuzwe nyumbani kwake. Hakuona haya kuisikia.

"Nitapiga," akasema. "Simama nikuonyeshe jinsi ya kunyoosha mkono."

Jumamosi mchana ukumbi wa kanisa ulijaa. Akina mama walikuwa wamekuja kumwona Sagesse akiumbuka, wala hawakuficha. Walikaa pembeni ya Rosalie, mikono kifuani, midomo wameibana. Mbele alisimama mama Sylvie, shangazi mkubwa wa Hugues, aliyesafiri kutoka Nyabuhire na bangili ndani ya mkoba. Akaitoa, akaweka na nyundo ndogo mezani. Bangili ile haina kufuli. Hugongwa ikiwa mkononi mpaka ncha zake zikutane.

Sagesse akanyoosha mkono wa kushoto kama alivyoonyeshwa. Alimtazama Rosalie.

Rosalie akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, cha furaha ya kweli, hata mama aliyeketi karibu naye akamvuta nguo. "Rosalie, una wazimu? Baada ya yote aliyokufanyia?" Rosalie akapiga tena. Akina mama wakatazamana, machozi yakawatoka kwa moyo ule wa kusamehe, na mmoja baada ya mwingine wakamfuata, mpaka ukumbi mzima ukawa unalia vigelegele.

"Unakubali bangili pamoja na yote yanayokuja nayo?" mama Sylvie aliuliza.

"Nakubali," Sagesse akajibu kabla swali halijaisha.

Nyundo ikagonga. Sagesse akainua mkono juu ili hata wa nyuma waone, kisha akamtupia Rosalie jicho, lilelile la siku ya kitenge. Hugues alikuwa akipiga makofi na kucheka kama aliyetua mzigo.

Mama Sylvie akarudisha nyundo mkobani, akamgeukia Hugues. "Wewe baki na kazi yako, mwanangu. Mwami anatembea, mwamikazi ndiye anayekaa. Mwenye bangili hii hatoki tena mlimani mpaka Aganze akue, aoe, na mkewe aje kumpokea." Akamshika Sagesse mkono. "Twende ukafungashe, ndege yetu ni kesho."

Makofi ya Hugues yakakoma. Akina mama wakageuka kumtazama Rosalie, naye alikuwa anapiga kigelegele cha tatu, peke yake.