Makaa Yasiyochimbwa

Luciana aling'oa kigingi cha nne cha upimaji shambani mwake akakitupa miguuni pa Amosi.

"Peleka kwenu, shemeji."

Amosi alikiokota. Alikuwa afisa wa kampuni iliyokuja Mungaa kufanya majaribio ya kuhifadhi hewa ukaa ndani ya makaa ya mawe, zaidi ya nusu kilomita chini ya ardhi. Wenye mashamba wote walikuwa wameshasaini. Alibaki mmoja, naye ni mke wa kaka yake.

Hawakupendana hata kidogo. Miaka sita iliyopita, kwa maneno ya Luciana, mumewe Bonaventura aliondoka alfajiri kwenda Chunya kutafuta dhahabu. Hakupiga simu tena. Ukoo mzima ulisema mwanamke huyu ndiye aliyemchosha kwa ugomvi mpaka akakimbia mji wake, na Amosi ndiye aliyelisema hilo mbele ya watu.

"Kama unaogopa gesi, nitakueleza tena," alisema. "Makaa yana vitundu vidogo sana, jicho halivioni. Gesi ikiingia humo inanata kwenye kuta zake. Haipandi juu. Itakaa huko mpaka vitukuu wako wazeeke."

"Nimekuuliza gesi mimi?"

Kweli, hakuwahi kuiuliza. Mikutanoni wenzake walihofia visima, ng'ombe na watoto kukosa pumzi. Luciana alisimama kila mara na swali moja tu: mtachimba wapi? Na Amosi, kwa kumkomoa tu, alimjibu kila mara kwamba watachimba popote watakapotaka.

Leo alikuwa amechoka. Bosi wake alitaka sahihi kabla ya jioni.

"Shemeji, nisikilize. Kwako hatuchimbi. Bomba linashukia kwa Antipasi, ng'ambo ya korongo. Hapa tunataka ahadi tu kwamba ardhi haitaguswa. Utalima mtama wako kwa jembe la mkono, basi. Hakuna kisima, hakuna choo, hakuna msingi wa nyumba. Na makaa yakishashika gesi, hayachimbwi tena na mtu yeyote."

Luciana aliacha kujifuta jasho.

"Yeyote? Hata serikali?"

"Yeyote. Imeandikwa humo."

"Na mimi nikifa?"

"Hata ukifa. Atakayerithi shamba atafungwa na karatasi hiyo hiyo."

Luciana alinyoosha mkono akapokea karatasi. Alizisoma zote tatu, kidole kikifuata mstari kwa mstari, kisha akaomba kalamu. Alisaini kila ukurasa taratibu.

Amosi alizitia kwenye mkoba. Alikuwa ameshinda, na bado hasira haikumtoka.

"Miezi minne umetuhangaisha bure," alisema. "Sasa naelewa kaka alivumilia nini katika nyumba hii."

Luciana alichukua jembe lake akaliweka begani. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya upole, kwa mara ya kwanza tangu Amosi amfahamu.

"Ungeniambia mapema kwamba hamchimbi, ningesaini siku ile ile. Sikutaka mumwamshe kaka yako."